Akrabu Moja

Vidato ni sabini na kimoja. Magoti yangu yamevihesabu
kila Jumanne alfajiri, nikitoka zamu ya kiwanda cha jibini,
mikono bado inanuka maziwa.
Mzee Wilfred Garbutt alinikabidhi mpini wa kujazia saa
mwaka ambao goti lake la kushoto lilimgomea.
"Wewe si wa kanisa," alisema. "Wala saa si ya kanisa.
Ni ya soko. Mnara umeibeba tu."

Mji huu wa Skelderby, kaskazini mwa Yorkshire,
una barabara moja, pana kwa ajili ya kondoo.
Mfalme mmoja aliyeishiwa fedha za vita
aliwauzia wenyeji siku ya Jumanne.
Naam, siku: waliinunua kama ng'ombe,
wakaandikiwa hati, ikapigwa muhuri wa nta,
na tangu hapo Jumanne ni yao, inyeshe isinyeshe.

Nguzo za kanisa ni sufu.
Ukizipiga kofi utasikia jiwe, lakini ni sufu,
kila tao limetoka mgongoni mwa kondoo.
Mwanzoni waliuza papo hapo makaburini,
mayai juu ya babu, bata juu ya shangazi,
hadi padri mmoja mkali akawafukuza.
Walihama hatua thelathini. Hawajasogea tena.

Mwaka wa tauni walichonga jiwe mfano wa kinu,
wakaliweka mpakani, wakalijaza siki.
Wa nje aliacha unga, wa ndani akatumbukiza sarafu,
na hakuna aliyeuona uso wa mwenziwe.
Biashara bila salamu!
Nilihuzunikia hilo
kabla sijauliza walikufa wangapi.

Kisha wakaja watu wa chokaa,
wakawapaka watakatifu ukutani hadi wakatoweka.
Lakini unyevu hauna dhehebu. Kila Februari
shavu moja huchungulia karibu na mlango wa kaskazini,
na Bi Enid Raine, mwenye funguo,
hulisalimu kwa jina alilolitunga mwenyewe.
Nimemwuliza mara mbili. Hasemi.

Saa ina akrabu moja tu, ya masaa.
Reli ilipopita bonde la jirani
fundi mmoja alijitolea kuongeza ya dakika.
Walikutana ghalani, wakabishana mpaka mishumaa ikaisha.
Hannah Raine, muuza siagi, akasimama gizani:
"Siagi haijui dakika. Dakika ni za wanaoondoka."
Akrabu ya pili ikashindwa kwa kura sita.

Waliondoka hata hivyo.
Ukutani kuna majina kumi na tisa ya vita vile vikubwa,
matatu ni Garbutt.
Wilfred huyapitishia kidole
kama mtu anayehakikisha chenji yake.

Na mimi, asubuhi ya kwanza, nilicheka peke yangu.
Kwetu Pangani saa huanza na jua:
wao wakisema saba, mimi nasema moja,
macho yangu yamezoea kuvuka uso wa saa
na kusoma ng'ambo, pasipo na kitu.
Hapa ng'ambo pana kitu. Akrabu hii ina mkia,
kipande kifupi cha chuma cha kuiweka sawa,
na akrabu ikigusa saba, mkia unagusa moja.
Waliotupa neno hili walimaanisha nge.
Nge husomwa mkiani.

Nilimwambia Wilfred. Alitazama juu,
akatafuna shavu lake kwa ndani, kisha akasema:
"Usiiambie kamati."

Mizunguko mia na kumi. Uzito unapanda mnarani
kama ndoo iliyojaa. Chini bado giza;
gari la samaki linarudi kinyumenyume, likilia,
mwuza vifuniko vya simu anapigana na turubai,
na wa jibini, jibini yetu, ananiinulia kikombe.
Meza tatu tu siku hizi.
Najibu kwa mkono wenye mpini.
Mkia unasema saa moja,
na ushee; ushee wenyewe haujui.